Windows, Linux na Ufunguo wa Mlezi

Nchi ilikuwako, na kama haikuwako, ilitangazwa redioni ikawako. Ilikuwa nchi tulivu sana. Mtu akipiga chafya sokoni, wenzake walitazamana kwanza wajue kama imeruhusiwa. Mkuu wake aliitwa Mlezi wa Taifa, au Mlezi tu kwa watu wenye haraka, ingawa haikushauriwa kuwa na haraka wakati wa kumtaja.

Sikukuu ya Taifa mwaka ule, Mlezi alisimama uwanjani kuhutubia. Nyuma yake ilitundikwa skrini kubwa kama ghorofa, ikionyesha uso wake, ili wananchi wakichoka kumtazama wapumzike kwa kumtazama. Alipofika mahali pa kusema, "Ndugu wananchi, lazima tuendelee kufunga mikanda," uso ukatoweka kwenye skrini. Mahali pake pakatokea maandishi mekundu yakimetameta: PUNGUZA KITAMBI BILA JASHO. BONYEZA HAPA.

Mtu mmoja akacheka. Hakujulikana nani, maana askari walipomwendea, kicheko kilikuwa kimeshahamia jukwaa la pili, kisha la tatu, kisha kwenye bendi ya polisi yenyewe, hata mpuliza tarumbeta akashindwa kukaza midomo. Mlezi aligeuka, akasoma tangazo, akatazama tumbo lake. Hotuba ikaishia hapo.

Jioni ile ile Waziri wa Utulivu na Mawasiliano, Mheshimiwa Gervasi Mahundi, alitoa tamko. Alisema kompyuta ya uwanjani ilikuwa imeingiwa na kirusi, na kwa kuwa serikali haina makosa, kirusi hicho bila shaka kilitoka majumbani mwa wananchi. Wengine majumbani walitumia mfumo wa Windows, wengine Linux, kila mtu na lake, kama nchi isiyo na mwenyewe. Kwa hiyo ingeundwa tume ya kuamua mfumo upi unafaa kwa nyumba na upi ni salama. Na kabla tume haijaamua, "Windows zote zidhibitiwe, na Linux zote zitambuliwe."

Amri ilishuka kutoka kwa Waziri kwenda mkoani, kutoka mkoani kwenda wilayani, kutoka wilayani kwenda kwenye kata. Kila iliposhuka ngazi ilidondosha maana kidogo. Ilipofika mitaani, askari walikuwa wanazunguka na nyundo na misumari wakipigilia madirisha ya watu. Ama Linux, ilisemekana nembo yake ni ngwini, ndege wa nchi za barafu, mweusi mgongoni na mweupe kifuani. Ngwini hawakupatikana, ila mabata wa rangi hiyo walipatikana wengi, wakakamatwa pamoja na wenye nao.

*

Mize Chaurembo alikuwa anachapa kadi ya harusi askari walipofika kupigilia dirisha lake. Alikuwa mjane wa makamo aliyefanyia kazi sebuleni: kadi za harusi, risala za msiba, matangazo ya vyumba vya kupanga. Aliishi na mama yake, Bi Kidawa, ambaye siku sita za juma aliilaumu kompyuta kwa kula umeme, na siku ya Jumapili alikaa mbele yake amejitanda khanga mpya, kwa sababu Jumapili mjukuu wake Shani alipiga simu ya video. Shani alikuwa muuguzi ng'ambo, msichana asiye na kizuizi mdomoni. Lolote aliloliona nchini mwao kutoka mbali alilisema kwa sauti, na bibi yake akamjibu kwa sauti kubwa zaidi, maana aliamini kuwa mtu akiwa mbali sharti umpigie kelele.

Siku hiyo jua lilikuwa la utosini. Askari alipoweka msumari wa kwanza, Mize alishindwa kuvumilia.

"Afande, samahani. Windows ni programu ya kompyuta. Hili ni dirisha."

"Kwa Kiingereza si ndiyo hiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo hiyo, lakini siyo."

Askari akateremsha nyundo. Katika nchi ile, mtu aliyejua tofauti ya kitu na kitu alikuwa ama mtaalamu ama adui, na haikuwa kazi ya askari kuamua. Akaondoka bila kuaga. Bi Kidawa alimtazama binti yake kwa huruma, kama mtu anayetazama nguo iliyokwisha kuungua.

"Ulimi huo, mwanangu. Dirisha lingekudhuru nini likifungwa?"

Mize hakulala vizuri, na kesho yake hakula. Alichapa jina la bwana harusi mahali pa bibi harusi, akafuta, akarudia kosa. Kila gari lililopunguza mwendo mtaani lilimnyanyua kitini. Hatimaye moja halikupunguza tu mwendo, likasimama. Akashuka mwanamume mwembamba mwenye miwani myeusi na sauti ya upole sana, upole wa daktari kabla ya sindano.

"Bi Mize? Mimi naitwa Filemoni Kasuga, kutoka Idara. Usijali ni idara gani. Nimeteuliwa kuwa Katibu wa Tume ya Kulinganisha Windows na Linux. Tumekuja kukuomba uwe mjumbe."

"Mimi? Mimi si msomi wa kompyuta."

"Ndiyo sababu. Sheria inataka tume iwe na Mwananchi wa Kawaida mmoja. Tumetafuta nchi nzima. Kila tunayemwendea anasema yeye si wa kawaida, ana shemeji serikalini. Wewe umekutwa huna mtu." Akampa cheti chenye mhuri, kimeandikwa kwa wino wa dhahabu: MWANANCHI WA KAWAIDA. "Hongera sana. Gari linasubiri."

*

Tume iliitwa TUKUWILI kwa kifupi, na ilikaa katika hoteli yenye vitafunio vya kutosha. Mwenyekiti alikuwa Jaji Mstaafu Simbo Lukwaro, mzee mwadilifu ambaye hakuwahi kugusa kompyuta maishani. Siku ya ufunguzi alilieleza jambo hilo kwa fahari.

"Hakimu hawi rafiki wa mshtakiwa," alisema. "Mimi sijawahi kuigusa Windows, wala Linux sijawahi kuisalimia. Nimekuja hapa safi kama nilivyozaliwa." Kisha akasinzia, nalo lilihesabiwa kuwa kutokupendelea.

Wajumbe wengine walikuwa maprofesa wawili, mmoja mtetezi wa Windows na mwingine wa Linux, ambao hawakuwa wamesalimiana tangu ujana wao. Wa Windows alisema dunia nzima inaitumia, kila programu inaikubali, kila printa inaijua, hata bibi wa kijijini anaweza kuiendesha. Wa Linux alijibu kwamba hata malaria dunia nzima inayo. Alisema Linux ni ya bure, haichunguzi mambo ya mtu, inaamsha hata kompyuta iliyokufa, na wezi wengi hawahangaiki kuitengenezea virusi. Wa Windows akasema hawahangaiki kwa sababu hakuna watu humo. Hata jangwani hakuna vibaka. Wa Linux akasimama. Wa Windows naye akasimama. Chai ikaletwa.

Jaribio la kwanza la usalama lilisimamiwa na Idara. Kompyuta mbili ziliwekwa juu ya meza ukumbini, moja yenye Windows na nyingine Linux, zikazungukwa na askari wenye bunduki. Ilitakiwa ionekane ipi itashambuliwa kwanza. Kila asubuhi Kasuga alitoa taarifa kwa sauti yake ya upole:

"Hadi sasa hakuna mashambulizi. Hali ni shwari."

Mize alizitazama kwa siku kadhaa, miguu ikimcheza chini ya meza. Mwisho akauliza, "Samahani, Katibu. Mbona hazijachomekwa kwenye umeme?"

"Kwa usalama," alisema Kasuga.

Hapo Mize alihisi kwamba akikaa ukumbini mle wiki nyingine atapiga yowe. Akanyoosha mkono. Aliomba kompyuta zile apewe, aende nazo nyumbani, zitumiwe kama kompyuta za nyumbani zinavyotumiwa, yaani vibaya. Jaji Lukwaro alizinduka aliposikia neno "nyumbani" akadhani kikao kimekwisha.

"Imepita," alisema, akagonga meza.

*

Basi sebule ya Mize ikageuka maabara. Windows ilianza. Bi Kidawa aliketi, akashika kipanya, akasema, "Hapa kwangu, napajua." Vitufe vyote vilikuwa mahali alipovizoea. Printa ilichomekwa ikaanza kazi bila maswali. Mize alichapa kadi zenye mawaridi pembeni kwa programu yake ya siku zote. Mteja mmoja alileta flashi, na mara ilipoingizwa mlinzi aliyemo ndani ya Windows akapiga kelele kuwa kuna kirusi na kulikamata faili.

"Zima hicho kinachopiga kelele, dada," mteja alimsihi, "picha yangu ya harusi imo humo humo."

Mize aliinua kidole kukizima. Alishtuka mwenyewe kuona jinsi kidole kilivyokuwa tayari. Akakirudisha.

Siku ya msiba wa jirani, risala ikiwa katikati na watu wa jeneza wamesimama mlangoni, kompyuta ikaandika kwamba inajisasisha na isizimwe. Ikazunguka, ikazunguka. Watu wa jeneza wakatazama saa. Mize alitamani kuipiga kofi, lakini moyoni alijua kwamba ilikuwa imemwomba ruhusa juma zima naye akiiahirisha kila siku, kama mtu anayeahirisha kwenda kung'oa jino. Marehemu alizikwa kwa nusu ya sifa zake.

Ikaja zamu ya Linux. Mize aliiweka pia kwenye kompyuta yake kuukuu, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa kigoda cha chungu cha mshubiri, nayo ikaamka na kwenda mbio kama mtoto aliyepona homa. Flashi ile ile ya mteja ilipoingizwa, kirusi kililala tu. Kilikuwa kimetengenezewa Windows, kwenye Linux hakikujua pa kushika. Kila Mize alipotaka kuongeza kitu kipya, mfumo ulimwomba kwanza neno la siri, naye akapenda kuulizwa. Lakini printa iligoma. Alihangaika nayo kutwa, akafuata maelekezo ya watu wasiojulikana mtandaoni, akaandika amri ndefu asizozielewa, na katikati ya amri moja mikono ikamsita: huyu anayeniambia niandike hivi, ni nani? Jioni printa ikakubali, lakini ile programu ya mawaridi haikupatikana kabisa. Ilibidi ajifunze nyingine ambayo kila kitu kilikuwa upande usiotarajiwa, na bibi harusi mmoja akaolewa kwa kadi yenye maua yaliyofanana na kabichi.

Bi Kidawa naye alikuwa na jaribio lake bila kujua. Kwenye Windows ulimjia ujumbe: "Mpendwa mteja, akaunti yako ina hitilafu. Tafadhali andika neno lako la siri." Akaandika. Kwenye Linux ukamjia ujumbe ule ule. Akaandika tena.

"Mama! Kwa nini umewapa?" Mize alishika kichwa.

"Wameniuliza kwa adabu."

Mize alikaa chini. Alibadilisha maneno ya siri yote, moja baada ya jingine. Kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yalipoanza hayakutaka kusimama upesi. Mlango wa mbao, mlango wa chuma; mwenye nyumba akifungua kwa kuwa mtu amebisha kwa adabu, utaulaumu mlango?

*

Maoni ya Mwananchi wa Kawaida yalikuwa mafupi. Kwa nyumba, Mize aliiambia tume, mifumo yote miwili inafaa. Mwenye kazi za kuchapa na programu zake za siku zote, Windows itamsumbua kidogo zaidi. Mwenye kompyuta kuukuu, asiyetaka kununua, na mwenye subira ya kujifunza, Linux itamfaa, na kwa virusi itampunguzia mashaka. Lakini usalama uko zaidi kwa mtu: asisasishe kesho kinachotaka kusasishwa leo, asitumie neno moja la siri kila mahali, aweke nakala ya vitu vyake pembeni. "Na asimpe mtu mwingine ufunguo wa nyumba yake," alimalizia.

Maprofesa walikasirika wote wawili, kila mmoja akidai amehujumiwa. Ilikuwa mara ya kwanza kukubaliana.

Kasuga hakukasirika. Alimsubiri ukumbi ulipobaki mtupu, akaketi karibu yake.

"Maoni mazuri sana, Bi Mize. Tumeongeza kitu kidogo. Wananchi watakuwa na uhuru kamili wa kuchagua, Windows au Linux. Ila katika kila kompyuta ya nyumbani kutawekwa Ufunguo wa Mlezi. Ni programu ndogo tu. Kupitia huo, Idara itaweza kufungua kompyuta ya nyumba yoyote, ione na isikie, ihakikishe wezi hawamo."

"Na ninyi mkiwamo?"

"Sisi si wezi."

"Mtu akiiba ufunguo huo kwenu, je?"

"Hauwezi kuibwa. Unalindwa." Akavua miwani, akaifuta taratibu. Macho yake yalikuwa ya mtu wa kawaida kabisa, na hilo ndilo lililomtisha Mize. "Sahihi yako inahitajika Jumapili, kwenye sherehe, mbele ya Mlezi. Bila Mwananchi wa Kawaida ripoti haitakuwa shirikishi. Shani hajambo huko aliko?"

Mize hakuwa amewahi kumtajia jina la binti yake.

Tangu hapo hakutulia. Alifagia sebule iliyokwisha kufagiwa. Alifunika kompyuta kwa kitambaa, akakifunua, akakifunika tena. Alianza kuchapa barua pepe ya kumwonya Shani asipige Jumapili, akaifuta, maana kuonya kwenyewe kungekuwa kukiri. Alipojaribu kumweleza mama yake, alijikuta akinong'ona ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Sema kwa sauti," alisema Bi Kidawa, "sikusikii."

"Ndivyo ninavyotaka, Mama. Usisikike."

"Nani asisikike? Mimi? Kwangu?"

*

Jumapili ukumbi ulipambwa kwa mapazia na picha za Mlezi katika umri mbalimbali, ambao wote ulikuwa mmoja. Televisheni ilirusha sherehe moja kwa moja. Mlezi alikaa kwenye kiti kirefu, mawaziri wakafuatana kwa ukubwa. Waziri Mahundi alihutubia kwa muda mrefu. Alisema nchi nyingine zina Windows, nchi nyingine zina Linux, lakini ni nchi moja tu yenye Mlezi. Makofi. Alisema faragha ni utamaduni wa kigeni, maana baba hafungi mlango wa chumba cha mtoto. Makofi. Kisha akasema:

"Na sasa Katibu atatuonyesha Ufunguo ukifanya kazi. Tumechagua nyumba ya kawaida kabisa, tukaiwekea Ufunguo mapema. Tutafungua, hapa hapa, mbele ya taifa, kompyuta ya nyumbani kwa Bi Mize Chaurembo!"

Skrini kubwa ikawashwa. Mize alihisi ukumbi unamkimbia. Saa ile ndiyo saa ya Shani. Saa ile Bi Kidawa alikuwa amekaa sebuleni na khanga yake mpya, akipiga kelele za mapenzi kuvuka bahari, na Shani akimjibu kuhusu hospitali zisizo na dawa na huyo mzee asiyetaka kushuka kitini. Kasuga alikuwa ameshaanza kuandika. Herufi za jina lake, M, I, Z.

Mize akasimama. Akaenda kwenye kipaza sauti, akainua cheti chake cha dhahabu.

"Mheshimiwa Mlezi, naomba radhi. Mimi ni Mwananchi wa Kawaida, ushahidi ninao. Tangu nizaliwe sijaona katika nchi hii mwananchi wa kawaida akionjeshwa kitu chema kabla ya viongozi wetu. Barabara hupita kwao kwanza, maji hufika kwao kwanza, na ndivyo itifaki inavyotaka. Leo nitangulie mimi? Watu watasema nimekosa adabu. Naomba heshima hii aanze nayo Mheshimiwa Waziri."

Makofi yakalipuka, maana kwa mazoea ya nchi ile sentensi yenye neno "viongozi" ilipigiwa makofi kabla haijaeleweka. Waziri Mahundi aliinama kwa unyenyekevu, akatabasamu kwa kamera. Mlezi akaitikia kwa kichwa.

Vidole vya Kasuga viliganda. "Mheshimiwa Mlezi, bahati mbaya kompyuta ya nyumbani kwa Mheshimiwa Waziri bado haijawekewa..."

"Hapana, Katibu," alisema Jaji Lukwaro kwa sauti safi ya uadilifu. "Ulinieleza mwenyewe kwamba viongozi wote uliwawekea tangu mwaka jana, kwa majaribio. Nakumbuka vizuri, siku hiyo nilikuwa macho."

Mawaziri wakageuka wote kwa pamoja kumtazama Kasuga, kama alizeti.

"Onyesha," alisema Mlezi.

Kasuga akaandika. Kwenye skrini ikafunguka sebule kubwa yenye mapazia mazito, na juu ya kochi mama mmoja mnene mwenye gauni la zambarau, dada yake ubavuni, wakila korosho na kutazama kitu kilichokuwa pembeni ya kompyuta. Kilikuwa televisheni. Walikuwa wanatazama sherehe.

"Mtazame shemeji yako anavyojikunja kucheka," mama yule alikuwa anasema. Sauti yake ilijaa ukumbi. "Jana hapa hapa ananiambia yule mzee siku hizi akiinuka kitini ananyanyuliwa kama gunia la mkaa. Leo utadhani amezaliwa naye."

"Na lini atapumzika?" aliuliza dada mtu.

"Nani amwambie? Wote wanaogopana. Mume wangu kiti kile ameshakipima makalio, anasubiri tu..." Akasita. Korosho ikabaki hewani. "Dada. Mbona kwenye televisheni kuna mwanamke wa gauni kama langu?"

"Sebule pia ni kama yako."

Mama Mahundi akasimama. Kwenye skrini ya ukumbini alikuwa amesimama. Kwenye televisheni yake, iliyochelewa kidogo, alikuwa bado amekaa. "Huyu si mimi," alisema kwa faraja, "mimi nimesimama." Ndipo yule wa kwenye televisheni naye akasimama. Ikasikika sauti ya bakuli likivunjika, na yowe.

 Ukumbini Waziri Mahundi alikuwa bado anatabasamu, maana uso haukuwa umepata taarifa. Mlezi aliinama taratibu kumwelekea Katibu.

"Kasuga. Na mawaziri wengine?"

"Wote, Mheshimiwa."

"Na nyumbani kwangu?"

Kasuga akatazama vitufe. Hata wananchi wasio na kompyuta walielewa jibu. Matangazo yakakatwa, zikapigwa ngoma.

*

Bunge liliitwa kwa dharura kabla jua halijazama. Mawaziri waliokuwa hawajawahi kupinga chochote walipigana vikumbo kushika kipaza sauti. Waligundua kwamba faragha, kumbe, ni utamaduni wa asili, tena wa kale. Ufunguo wa Mlezi ukapigwa marufuku kwa kura zote, na taarifa ya habari ikatangaza kwamba Mlezi, kwa huruma yake, amewatunuku wananchi faragha, ambayo hawakuiomba. Mahundi akateuliwa balozi katika nchi ambayo ilikuwa bado inatafutwa. TUKUWILI ikavunjwa. Mabata waliachiwa, wale waliosalia.

Mize alirudi kwake akakuta Bi Kidawa amelowa machozi ya kicheko, na Shani kwenye kompyuta, uso umejaa kioo kizima.

"Mama! Umefanya nini huko? Huku wenzangu wote wamekuona!"

 Mize alitazama ile kamera ndogo juu ya kioo, akaenda chumbani, akarudi na kipande cha plasta ya kidonda, akasita. Akikibandika, mwanawe hatamwona. Alisimama hivyo, plasta kwenye ncha ya kidole, akizungumza na Shani habari za baridi.

Miezi ilipita. Siku moja mchana alibisha mtu mlangoni. Alikuwa Filemoni Kasuga, bila miwani, bila gari, amebeba kompyuta ndogo ndani ya mfuko wa plastiki. Idara ilikuwa imemfukuza siku ile ile ya sherehe. Shati lake lilikuwa limefuliwa vizuri na kupigwa pasi vibaya.

Mize alitazama nyuma yake, kushoto na kulia kwa mtaa. Hakuona mtu. Hilo halikumpa imani.

"Bi Mize, sikutumwa," alisema. "Nataka kuuziwa ushauri tu, yaani, nataka kushauriwa. Kati ya Windows na Linux, ipi haisikilizi?"

"Unataka kuitumia kwa kazi gani?"

"Kuzungumza na mama yangu. Yuko mbali." Akatazama viatu vyake. "Hajui kunong'ona."

Bi Kidawa, ambaye alisikia hayo kutoka jikoni, alitoka akamwekea kiti bila kuulizwa, akarudi jikoni. Mize alisimama muda mrefu kabla ya kuupokea ule mfuko. Kompyuta ilikuwa kuukuu, akamwekea Linux. Alimweleza kila alichokuwa anafanya, naye Kasuga alifuata kidole chake kama mtoto anayefundishwa kusoma, akiuliza kila mara, "Na hapa nani anaona?"

Mwisho kioo kikaonyesha kijisanduku kitupu.

"Hapo ni neno lako la siri," alisema Mize. "Usiniambie. Si jina lako, si la mama yako, si la mtu yeyote. Liwe jambo unalolijua wewe peke yako."

Akageuka ukutani, akampa mgongo. Alisubiri kusikia vitufe. Jikoni mafuta yalikuwa yanachemka. Mtaani gari likapunguza mwendo, likapita. Hakusikia kitu, akageuka kidogo.

Kasuga alikuwa amekaa vile vile, vidole hewani juu ya vitufe, jasho kwenye paji la uso, akitafuta jambo moja la maisha yake ambalo hakuna mtu mwingine aliyelijua.